Hakuna Aliyejua

Mwalimu wa historia alizaliwa na ulimi mkali, na umri haukuupunguza makali. Wanafunzi walimwita Bi Kwa Nini, kwa sababu hakuna jibu alilolipokea bila kuuliza swali hilo. Mtoto akisema vita vilianza mwaka fulani, yeye hudakia, "Mwaka hata kalenda inaujua. Nakuuliza kwa nini vilianza." Waliompenda walimpenda sana. Wasiompenda walisubiri kengele kama mgonjwa anavyosubiri nafuu.

Shule yenyewe ilikuwa ya sekondari, ya kutwa, iliyojengwa chini ya mteremko. Mbele kulikuwa na lango, barabara, kisha daraja la mto. Nyuma kulikuwa na kiwanja kitupu kilichoota nyasi, na katikati yake mfereji mpana uliojengwa kwa mawe. Juu ya mteremko kulikuwa na machimbo ya mawe yaliyoachwa zamani, na shimo lake lilikuwa limejaa maji ya mvua hadi likafanana na ziwa. Pembeni mwa kiwanja lilipita tuta refu la udongo. Enzi za machimbo tuta hilo lilibeba reli ya mabehewa. Reli zilishang'olewa zikauzwa chuma chakavu, lakini tuta nani angelibeba? Likabaki.

Muhula wa kwanza Bi Kwa Nini aliwapa kidato cha tatu kazi. "Mji huu watu wanagombania hata upenyo wa kuanika nguo," aliwaambia. "Kiwanja chote hiki mbona hakuna aliyejenga? Nendeni mkaulize."

Wakagawana nyumba za kilimani, walikoishi watu wazima wa tangu zamani. Aliyeichangamkia kazi hiyo zaidi alikuwa binti mmoja mwembamba, mpole, aliyeitwa Kinasa kwa kuwa alichokisikia hakikumtoka. Walirudi na habari zinazopingana. Mmoja aliambiwa kiwanja kina laana. Mwingine aliambiwa kampuni ya machimbo iliua watu. Mwingine alifukuzwa na mbwa akarudi na sketi iliyochanika. Bi Kwa Nini hakuwaambia nani mkweli. Aliwauliza wote hao wanakubaliana wapi, na kila msemaji alikuwa wapi siku hiyo, ameona au amesimuliwa.

Wakachambua wiki nzima, wakibishana mpaka wa darasa la jirani wakalalamika. Mwishowe mambo yalibaki haya. Pale kiwanjani palikuwa na kota za wafanyakazi wa machimbo. Kampuni ilikuwa ikimwaga vifusi mferejini, maji ya shimo yakakosa pa kupitia. Ikaja mvua kubwa, ukingo wa shimo ukapasuka. Watu walikimbilia barabarani, kwa sababu ndiyo njia waliyoizoea, kumbe maji nayo yalikuwa yanaelekea hukohuko kwenye bonde la daraja. Waliopona ni waliopanda tuta la reli. Walionusurika ndio waliousafisha mfereji kwa mikono yao, wakaapa hapatajengwa tena.

Kazi ile ilibandikwa ukutani. Mkuu wa shule alipita, akaitazama kama mtu anayetazama tangazo la dawa ya mba, akaenda zake.

Mkuu wa shule alikuwa mtu wa suti na maneno mapya. Katika kikao cha walimu alitangaza kwamba amepata wafadhili wa ukumbi wa kompyuta. Ukumbi utajengwa kiwanja cha nyuma. Na ili kompyuta zipate vipindi, historia itaondolewa kidato cha tatu na cha nne.

"Historia mtoto anaweza kujisomea mwenyewe," alisema. "Yaliyopita si ndwele."

"Tugange yajayo," akamalizia Bi Kwa Nini. "Utagangaje ugonjwa usioujua ulikoanzia? Na kiwanja kile mfereji wake mtaufanya nini?"

"Mkandarasi ameshapatikana. Atausawazisha."

"Nani huyo?"

Mkuu akatabasamu. "Ni wa nyumbani kwenu, mwalimu. Ulipaswa kunishukuru."

Mkandarasi alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Mafundi walimwita Saruji. Dada huyu ndiye aliyembeba mdogo wake mgongoni wakati mama yao alipokuwa akienda kufua nguo za watu, na ndiye aliyemfundisha kidato cha tatu katika shule hiyohiyo.

Kikao cha wazazi kiliitishwa. Walijaa darasa, wengine wakaegemea madirisha. Mkuu alieleza habari za kompyuta wakapiga makofi. Bi Kwa Nini akasimama.

"Sipiganii kipindi changu," alisema. "Ingawa nacho nitakipigania. Nasema jengeni ukumbi mahali pengine. Au mkijenga pale, mfereji msiuguse. Watoto wenu wenyewe wameuliza, majibu yako ukutani."

"Mwalimu," mkuu akasema kwa upole wa kumbembeleza mtoto, "hadithi za wazee si ripoti ya mhandisi."

"Basi mlete mhandisi."

"Wafadhili wana tarehe zao. Muda hauruhusu."

Saruji akanyanyuka, shati limenyooka, simu mkononi. "Wazazi wenzangu, huyu ni dada yangu, namheshimu. Lakini dada anaishi na marehemu. Mimi naishi na walio hai." Darasa likaangua kicheko. Akaona wamemfurahia, akaongeza, "Historia haijengi hata choo!"

"Choo unajua kukijenga," dada yake akamjibu, "kwa sababu kuna aliyejenga cha kwanza kikaanguka, na mwenzake akauliza kwa nini kimeanguka!"

Lakini kicheko kilikuwa bado kinaendelea, hakuna aliyemsikia ila waliokaa mbele. Mzazi mmoja muuza vipuri alijifuta machozi ya kicheko. Bi Kwa Nini aliketi.

Malori yalikuja wiki ileile. Alikuwa darasani aliposikia mawe yakimwagwa. Akaiacha chaki mezani, akatoka, akakata kiwanja na viatu vyake vya kisigino kifupi vikizama kwenye nyasi. Lori lilikuwa limegeuza mgongo, linashusha vifusi ndani ya mfereji.

"Simamisha!" alimpigia kelele dereva. "Simamisha hilo lori!"

Saruji akaja mbio. "Dada, watu wanatutazama."

"Wacha watazame. Mdogo wangu, maji ya shimo lile yatapita wapi?"

"Shimo limekaa hivyo tangu sijazaliwa."

"Limekaa hivyo kwa sababu mfereji uko wazi! Kuna watu walikufa hapa, wewe!"

"Dada, nakuomba." Alishusha sauti. "Hii ndiyo kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupata. Usinitilie mchanga kitumbua changu."

"Nilikufundisha kupima neno kabla ya kulimeza. Ulikuwa umekaa dirishani unahesabu magari."

Hapo Saruji naye akapandwa. "Ndiyo, nilihesabu magari! Na leo ninalo gari. Nilifeli somo lako na nina nyumba ya ghorofa. Wewe umelifaulu, bado umepanga chumba na sebule. Nani kati yetu amesoma?"

Bi Kwa Nini akampa mgongo. Akainama, akaokota jiwe, akalirusha. Halikumlenga mtu. Liligonga ubavu wa lori kwa kishindo, vibarua wakaruka. Mlinzi wa lango, aliyekuja kuona kuna nini, akamshika mkono taratibu.

"Twende, mwalimu. Hili jiwe moja haliwezi kuondoa lori."

Mlinzi huyo wanafunzi walimwita Kufuli, maana saa ya kufunga lango ikifika hata mtoto wa mkuu alibaki nje. Alimsindikiza hadi kibandani kwake langoni bila kumuuliza neno. Alimwachia kiti chake, akaenda kumtafutia maji ya kunywa.

Tangu siku hiyo ndugu wawili hao hawakusalimiana. Mama yao aliyaona, yakamkera. "Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime," aliwaambia majirani walioanza kuleta umbea. "Wakipatana chukua kapu ukavune. Kaeni mbali na wanangu." Lakini akiwa peke yake na binti yake alimbembeleza. "Mwanangu, wewe ndiye mkubwa. Meza."

"Nimeze nini, mama? Vifusi?"

"Meza hasira."

"Mwambie autoe mfereji alikouzika, nami nitameza hata hayo mawe."

Ukumbi ukaisha. Ulikuwa mzuri, haikatazwi kusema, una vioo vipana na sakafu inayong'aa. Mahali mfereji ulipopita palipandwa maua. Historia ilifutwa kwenye ratiba ya madarasa ya juu, na Bi Kwa Nini akabaki na kidato cha kwanza na cha pili. Kazi ya wanafunzi ikabanduliwa ukutani ili kubandika kanuni za kutumia kompyuta. Aliiokota kwenye kapu la taka mwenyewe.

Mvua za mwaka uliofuata zilianza kama kawaida, kisha zikasahau kwenda. Zilinyesha usiku, zikanyesha mchana, nguo zikaanza kunuka uvundo kabatini. Mchana mmoja, kidato cha nne wakiwa ukumbini, ulisikika mngurumo kutoka juu ya mteremko. Wengine walidhani ni radi. Lakini radi hunyamaza, huu ulizidi kusogea.

Mkuu wa shule alitoka barazani pa ofisi, palipoinuka. Aliona maji ya tope yakiteremka nyuma ya ukumbi, akafanya alichokijua. Akaamuru kengele ipigwe, akashika kipaza sauti. "Wote langoni! Kwa mstari! Elekeeni barabarani!"

Ukumbini, maji yalikuwa yameshausukuma mlango wa nyuma. Viti vilianza kuelea. Kiranja akapiga kelele kwamba kengele imelia, waende langoni. Kinasa, yule binti mpole ambaye walimu wengine hawakuwahi kuijua sauti yake, akapanda juu ya meza.

"Si langoni! Tuta! Pandeni tuta!"

"Mkuu amesema langoni!"

"Mkuu hakuuliza, sisi tuliuliza! Maji yanaelekea darajani! Tuta!"

Wale waliokwenda nyumba kwa nyumba kilimani mwaka uliopita hawakuhitaji kuambiwa mara mbili. Kila mmoja alimshika wa karibu yake, wakatokea dirishani na mlango wa ubavuni, wakiburutana kwenye maji ya kiunoni mpaka kwenye udongo wa tuta. Kiranja naye alivutwa kwa tai. Bi Kwa Nini, aliyekuwa na kidato cha pili upande huo, hakuingoja hata kengele imalize. Aliwatoa mbio pamoja na kidato cha tatu wa darasa la jirani, akasimama chini ya tuta akiwasukuma mmoja mmoja juu, akiwatukana kwa majina ya wanyama wote anaowajua ili wasisimame kulia.

Kutoka juu ya tuta waliona lote. Maji yaliukata ukumbi, yakajikusanya, yakageukia langoni. Na langoni kulikuwa na kidato cha kwanza, wadogo kuliko wote, waliotii kengele na kujipanga mstari.

Kufuli alikuwa ameshafungua lango. Alipoona yanayokuja aliacha habari ya mstari. Alimnyanyua mtoto wa kwanza akamtupa juu ya paa la kibanda chake cha ulinzi, akamnyanyua wa pili, akaendelea hivyo, wengine wakipanda mabegani mwake na kichwani. Watoto wote walifika juu. Yeye alibaki chini akiwa ameshika nondo ya dirisha, maji yamemfika kidevuni, kisha gogo likaja, na nondo ikabaki bila mtu.

Walimkuta ng'ambo ya daraja maji yalipopungua. Mkewe alitambua soksi.

Baada ya mazishi kiliitishwa kikao. Safari hii alikuja hata afisa wa elimu, kwa hiyo viti vya mbele viliwekwa vitambaa. Walikusanyika chini ya turubai uani, maana madarasa yalikuwa bado na tope. Wazazi walikuja, mama wa Bi Kwa Nini na Saruji alikuja, mjane wa Kufuli aliketishwa mbele kama mgeni wa heshima. Mkuu wa shule alivaa suti nyeusi. Alizungumza vizuri. Alisema msiba umetukuta, alisema nidhamu ya wanafunzi na rehema za Mungu zimewaokoa watoto wetu. Kisha akasema, "Haya ni mambo ya Mungu. Hakuna aliyejua."

"Rudia," sauti ikasema kutoka nyuma.

Watu wakageuka. Bi Kwa Nini alikuwa amesimama. Viatu vyake bado vilikuwa na tope, hakutaka kuvisafisha.

"Mwalimu, utapewa nafasi baada ya—"

"Nimesema rudia. Nani hakujua?"

"Tunaomba utulivu mbele ya mfiwa."

"Mfiwa ndiye ninayetaka asikie! Shemeji," alimgeukia mjane, "mumeo hakuuawa na Mungu. Mungu alileta mvua, kama alivyoileta siku zote. Mfereji ulizibwa na watu, na watu hao waliambiwa. Waliambiwa na watoto wa miaka kumi na sita! Watoto waliuliza, wakapima maneno ya huyu na ya yule, wakaandika, wakabandika ukutani. Mliibandua! Kisha mkalifuta somo lenyewe, eti halina faida. Na siku maji yalipokuja, ninyi wenye faida mkapiga kengele kuwapeleka watoto mahali palepale walipofia wenzao!"

Afisa wa elimu akaanza kuandika. Mkuu akamtazama anavyoandika, akasema haraka, "Afisa, mwalimu ana uchungu, anaeleweka. Lakini kitaalamu hakukuwa na ushahidi—"

"Mkandarasi!" Bi Kwa Nini alimkata. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya lori alimwelekezea mdogo wake uso. "Na wewe hukujua?"

Mama yao akashika kanga yake mdomoni. Saruji alikuwa amekaa pembeni, amekonda. Alisimama polepole kama mtu aliyebeba mfuko mzito.

"Nilijua," alisema.

"Alichotaka kusema ni kwamba—" mkuu akaingilia.

"Nimeshasema nilichotaka kusema. Nilijua. Dada aliniambia hapa, na akanifuata hadi kwenye lori. Mkuu alijua. Na wazazi mliokuwamo siku ile, tulimcheka pamoja."

Muuza vipuri aliinamisha kichwa. Turubai lilikuwa linapigwa na upepo.

Waliomjua Bi Kwa Nini walidhani sasa atapoa. Hakupoa. Alimtazama mdogo wake na macho yakazidi kuwaka. "Umejua kusema leo," alimwambia. "Kusema kwako leo kunamfaa nini huyu mama?" Akatoka chini ya turubai. Mjane wa Kufuli akanyanyuka, akamfuata, na kiti chake cha mbele kikabaki kitupu mbele ya afisa.

Mambo yalikwenda kama yanavyokwenda. Mkuu wa shule hakufukuzwa. Alihamishiwa ofisi fulani mjini, akapewa kiti kinachozunguka. Bi Kwa Nini alipopata habari alicheka kicheko kibaya hadi wenzake wakamwogopa. Saruji alinyang'anywa kibali cha ukandarasi. Aliuza gari, akakodi vibarua, akauchimbua mfereji, naye akiwa ndani yake na sururu tangu asubuhi hadi jioni, bila kutumwa na mtu. Wazazi wenyewe ndio waliokwenda kwa afisa kudai historia irudishwe, wakiongozwa na muuza vipuri. Walipokuja kumpa taarifa hiyo Bi Kwa Nini, walitarajia shukrani.

"Mlihitaji maiti ndipo mnielewe," aliwaambia. "Kaeni, nitawaletea chai. Lakini msitegemee nicheke."

Mkuu mpya alikuwa mama mmoja mtulivu, mwenye nia njema. Kidato cha tatu wapya walipoanza kukusanya habari za mafuriko, alimwita Bi Kwa Nini ofisini. "Mwalimu, kazi ni nzuri. Lakini ile habari ya kengele... tungeiacha? Inaumiza watu."

"Inaumiza, ndiyo. Ukiitoa, mtoto atakayesoma hapa siku nyingine atajuaje asiitii kengele kama hiyo?"

Mama yule akafikiri, akatikisa kichwa kukubali. "Basi iache. Lakini muandike pia kwamba aliipiga kwa kudhani anawaokoa."

"Hilo tutaandika," Bi Kwa Nini akasema, kwa shida. "Kwa sababu ni kweli."

Wanafunzi waliwahoji watoto wa paa la kibanda, wakamhoji mjane. Siku moja wakamwita Saruji. Alikuja na shati la kazini, akakalishwa mbele ya darasa kwenye kiti kidogo. Kinasa, aliyekuwa sasa anangojea matokeo ya mtihani wa mwisho, aliombwa aje kuwasaidia wadogo zake, na ndiye aliyeuliza. Bi Kwa Nini alikaa nyuma kabisa, mikono kifuani.

Aliulizwa malori yalikuja lini, nani aliamua, nani alipinga. Alijibu yote bila kujikinga. Mwisho Kinasa akamuuliza, "Kesho ukipewa kazi nyingine, kubwa kuliko ile, na watu wa pale wakakuambia usijenge, utafanya nini?"

Saruji alijisogeza kwenye kile kiti kidogo. "Ningependa kusema nitakataa," alisema. "Lakini sitaki kukudanganya. Njaa ikiuma sijui. Najua nitawauliza waliokuwapo kabla yangu. Hapo mwanzo sikuwa najua hata kuuliza."

Kinasa akaandika jibu lote, na ile "sijui" pia.

Darasa lilipotoka Saruji alimngoja dada yake mlangoni. "Mama anataka tuje wote kwake Jumapili," alisema. "Utakuja?"

"Nitakuja kwa mama."

"Na kwangu?"

Bi Kwa Nini alimtazama mikono. Ilikuwa na malengelenge yaliyopasuka. Kitu kikamlegea kifuani, akakikaza tena.

"Sijatulia bado, mdogo wangu," alisema. "Nikitulia utaniona."

Siku hizi wanasalimiana, na Jumapili hukaa meza moja kwa mama yao, wakipitishiana chumvi. Nyumbani kwa mdogo wake hajaenda.